Chapa ya Nane

Gahongayire alikuwa amelala chali chini ya picha zake mwenyewe, patasi imezama shingoni mpaka kwenye mpini, na damu yake ilikuwa imetambaa sakafuni hadi kulowesha kreti la picha zilizotoka Ulaya. Inspekta Usumani alichuchumaa kando ya maiti, akainua mikono yake mmoja mmoja. Kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika, na chini ya mojawapo palikuwa na ngozi ya mtu. Mwanamke huyu hakukubali kuchinjwa kama kuku. Alikuwa amemparura mtu, na mtu huyo bado alikuwa anatembea Kigali na alama zake.

"Usipoteze wakati, Usumani," sauti ilisema mlangoni. "Mutu tunaye."

Aliyesema alikuwa Bizimana, kamanda wa kituo, mkubwa wake wa kazi. Alisimama kizingitini akiikwepa mvua, sigara mkono wa kushoto. Mkono huo ulikuwa na vidole vitatu tu. Cha pete na cha mwisho viliondoka na mlango wa lori miaka mingi nyuma, na askari wapya walionywa siku ya kwanza kazini wasipatazame mahali vilipokuwa.

"Nani, shefu?"

"Ule Muzairwa wake. Jean-Berchmans, anayemuchapishia picha. Tumemukuta hapa saa kumi na mbili asubuhi, damu mpaka kwenye viwiko. Patasi ni yake. Alikuja kuiba picha za Wazungu, mama akamufuma. Andika ripoti, ukurasa moja inatosha. Saa kumi gari ya kambi inakuja kumuchukua."

Usumani aliijua gari ya kambi ya jeshi. Wote waliofanya kazi kituoni waliijua. Ilichukua watu na haikuwahi kurudisha hata mmoja, na ndugu zao waliokuja kuuliza waliacha kuuliza baada ya wiki ya pili. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1993, vita iko kaskazini, barabara zimejaa wakimbizi na mikeka yao, na katika mji wa namna hiyo mchapaji mmoja kutoka Bukavu angepotea bila mtu kugeuza kichwa. Saa ilikuwa mbili na nusu.

"Ukurasa mmoja," Usumani alisema. "Nipe mpaka saa kumi niuandike vizuri."

Bizimana alicheka kidogo, akatupa sigara kwenye mvua, akaondoka.

Jumba la Maonyesho la Muhima lilikuwa ghala la kahawa kabla halijapakwa chokaa na kutundikiwa taa. Kesho yake, Ijumaa, mabwana wenye tai walikuwa wanatarajiwa kuja kutazama maonyesho ya chapa za kisasa, picha zinazochapwa kwa wino: ukuta mmoja chapa thelathini zilizoazimwa Ulaya, ukuta wa pili kazi za wasanii watano wa Kigali. Usumani hakuwa na elimu ya sanaa, lakini alizaliwa Biryogo katikati ya mlio wa vyerehani. Baba yake alikuwa fundi nguo, na kabla mtoto hajajua kusoma Kurani alijua kutazama mshono. Tena ilikuwa Ramadhani, naye alikuwa amefunga. Mtu mwenye njaa hana subira na uongo.

Alianza na wizi, kwa sababu ndilo jambo lililokuwa jepesi. Alihesabu picha za Ulaya, zilizotundikwa na zilizokuwa bado kwenye makreti, akilinganisha na orodha ya forodha. Zilikuwa thelathini. Hakuna mwizi aliyekuwa ameiba kitu.

Kisha akageukia ukuta wa marehemu. Gahongayire alikuwa ametundika chapa tisa zenye jina moja, *Siku ya Nyabugogo*, alizozichonga kwenye vibao vya mbao na kuzichapa kwa wino mweusi: mabasi, wachuuzi, wabeba mizigo, kuku kichwa chini. Chini ya kila fremu palikuwa na kikaratasi chenye jina la picha. Chini ya fremu ya nane kiliandikwa *Mfuko*. Lakini ndani ya fremu walikuwa wabeba mizigo watatu na magunia yao, na mfuko haukuwapo.

Alimwita karani wa jumba, binti mmoja anayeitwa Vestine, ambaye alikuwa analia kimyakimya nyuma ya meza yake.

"Vikaratasi hivi nani alivipiga chapa?"

"Ni mimi. Jumatatu. Gahongayire alinisomea yeye mwenyewe, moja mpaka tisa."

"Na namba nane?"

"*Mfuko*. Niliiona ikitundikwa. Iko na mutu anapeana mufuko. Si hii."

"Kuna maelezo," alidakia mtu nyuma yao. Huyu alikuwa Silvère, mkurugenzi wa jumba, aliyedai amefika alfajiri kufungua makreti, mrefu, mwenye miwani ya dhahabu na maneno laini ya aliyesomea Ubelgiji. "Msanii alibadilisha mawazo jana, Monsieur l'inspecteur. Akaniomba tuweke ingine. Wasanii, unawajua."

Usumani hakuwajua. Alichokijua ni mashati. La Silvère lilikuwa jipya, mistari ya kukunjwa kiwandani bado imesimama kifuani, na kwenye kola palikuwa na tundu la pini. Hakuna mtu anayevaa shati jipya saa kumi na mbili alfajiri kwa ajili ya kufungua makreti. Tena alikuwa amefunga vifungo vya mikono mpaka kwenye viganja, ilhali ndani ya ghala lile kulikuwa na joto la unyevu la kumfanya mtu atamani kuvua ngozi.

Inspekta aliishusha fremu ya nane, akafungua mgongo wake, akagusa ukingo wa picha. Kidole kilitoka cheusi. Akagusa ya saba, kisha ya tisa. Zilikuwa kavu kabisa.

*

Kwenye seli ya kituo Jean-Berchmans alikuwa ameketi ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, kwa sababu nyayo zake hazikuweza tena kugusa chini. Walikuwa wamezipiga kwa waya wa umeme. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na jicho moja lilikuwa limefunga. Askari mmoja alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo mlangoni, kama anayetoka kula.

Usumani alimwambia askari atoke. Akampa mfungwa maji, akashika kikombe mwenyewe mpaka yakaisha.

"Banataka nitie sahihi," Jean-Berchmans alisema. "Sijamuua mama. Nilimukuta vile. Nilimunyanyua kichwa, nikadhani anapumua."

"Nimekuja kuuliza habari ya wino. Unakauka siku ngapi?"

Jicho zima lilimtazama kwa mshangao. Tangu akamatwe hakuna aliyemuuliza swali lenye jibu.

"Mvua kama hii? Siku ine. Tano."

"Basi picha ya nane imechapwa jana. Wabeba mizigo watatu."

"Jana hatujachapa kitu. Na ile ya wabeba mizigo ilikwisha tangu mwaka jana. Iko na mustari? Mweupe, kona mpaka kona?"

"Upo. Nilidhani ni mvua."

Jean-Berchmans alicheka, na damu ikamtoka puani. "Si mvua. Mama anachapa kumi na tano tu, kila picha. Ya kumi na tano ikitoka, anachukua kisu, anakata kibao usoni, mara moja, kwa nguvu. Ili mutu asichape ingine baada yake. Mimi ndiye ninashika kibao, yeye anakata. Kibao kikikatwa kimekufa, Inspekta. Mimi siwezi kuchapa kibao kilichokufa. Ni kama kumuvalisha maiti nguo ya harusi."

Usumani alilipanga jambo kichwani. Aliyechapa picha ile alijua kupaka wino na kuzungusha mashine, lakini hakujua desturi ya mama huyu. Angeijua, angechukua kibao kingine. Aliona mstari, akadhani ni sehemu ya mchoro, kama vile yeye Usumani alivyodhani.

"Nani mwingine anajua kutumia mashine yenu?"

"Mukurugenzi. Alisomea kazi hiyo kule Ubelgiji. Lakini hapa hashiki wino, anaogopa kuchafuka."

"Na *Mfuko* ni picha gani?"

Hapo Jean-Berchmans alifunga jicho lake. Nje, mtu alikuwa anapigwa katika seli nyingine, na kila fimbo ilisikika mara mbili, kwenye nyama na ukutani.

"Nakala ziko wapi? Zote kumi na tano?"

"Zilikuwa kabatini. Kama alichukua ya ukutani, na zile amechukua."

"Basi sina kitu," Usumani alisema, na kweli roho ilimuuma. "Nina wino mbichi na shati jipya. Kwa hivyo viwili siwezi kuizuia gari ya saa kumi."

Mchapaji alimshika mkono wa koti. "Kuna ya kumi na sita. Karatasi ya kwanza inayotoka safi haiandikwi namba. Inakuwa ya mchapaji. Ndiyo desturi. Mama alinipa." Sauti ilishuka. "Mke wangu anayo. Nyirarukundo. Nyumba ya mulango wa bluu, chini ya kanisa la Muhima, chini ya nailoni ya meza. Lakini jina yake usiliseme kwa mutu. Hata mmoja. Uniapie kwa mfungo wako."

"Naapa," alisema Usumani, na alikuwa anamaanisha.

*

Alirudi jumbani saa saba. Silvère alikuwa kwenye karakana nyuma ya ukumbi, amefungua madirisha yote, na bado harufu ya mafuta ya taa ilikaba pumzi. Katikati ilisimama mashine ya kuchapia, chuma kitupu, rola mbili nzito na gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mikono. Uani, nyuma ya mlango, palikuwa na pipa lenye majivu yaliyoloa.

Usumani alipekua rafu ya vibao mpaka akakipata cha wabeba mizigo. Kilikuwa kimeoshwa, lakini ndani ya mifereji ya mbao wino ulikuwa bado laini. Na mkato ulikuwapo, mrefu na wa hasira, usoni kote.

"Kibao hiki kilikufa mwaka jana," alisema. "Jana mtu amekifufua."

Silvère aliinama akatazama, akatabasamu kama mwalimu. "Écoutez, sikiliza. Mkato wa hapa unaanza juu kushoto, unateremka kulia. Kwenye picha iliyo ukutani mstari unaanza juu kulia. Si kitu kimoja. Hii ni kazi ya watu waliosoma, Inspekta, usijichoshe."

"Nilipokuwa na miaka kumi na miwili," Usumani alisema, "baba alinipa suti ya mteja nikate mikono. Nikaweka kitambaa kifudifudi nikakata. Nikapata mikono miwili ya kushoto. Kofi alilonipiga nalisikia mpaka leo. Kinachokatwa upande mmoja kikilazwa juu ya kingine kinageuka, Monsieur. Hata mtoto wa fundi nguo anajua. Fungua vifungo vya shati."

"Pardon?"

"Mikono. Ipandishe."

Silvère aliweka miwani yake mezani taratibu, kama mtu anayetaka kunawa uso. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kopo la patasi. Usumani aliliona pigo likija kwenye jicho, akainua kiganja, na chuma kikapita katikati ya kiganja kikatokea nyuma. Hakupiga kelele. Alimpiga mkurugenzi kichwa cha pua, akasikia mfupa ukivunjika, wakaanguka wote wawili juu ya makopo ya wino. Silvère alikuwa na nguvu ambazo mtu asingezidhania. Alimshika Usumani koo, akamkandamiza kwenye mguu wa mashine, na kwa dakika nzima kilichosikika ni visigino vikikwaruza sementi. Usumani alichomoa ile patasi kwenye kiganja chake mwenyewe akaikita kwenye paja la mwenzake. Mikono iliyokuwa kooni ikalegea.

Alipomwinua, shati jipya lilikuwa limechanika mpaka begani. Kwenye mkono wa kulia ilionekana mistari mitatu myekundu, sambamba, ya kucha.

Usumani aliukamata mkono ule ule akaulaza kwenye bamba la mashine, chini ya rola, akazungusha gurudumu robo. Silvère alilia.

"Ulimuua kwa sababu ya picha moja."

"Nilitaka kuibadilisha tu. Alfajiri, kabla hajaja. Ukuta ukibaki na tundu watu watauliza, nikachapa ingine jana jioni. Akanikuta. Akapiga kelele, akanirukia."

"Nakala zingine?"

"Nimechoma. Zote. Na kibao chake. Kumi na tano, nimezihesabu."

"Nani alikutuma?"

Silvère alitikisa kichwa. Usumani akazungusha tena, na kidole kimoja kikalia kama kijiti.

"Niue," Silvère alisema. "Yeye atanifanyia mabaya zaidi. Na wewe ukilijua jina utatamani ulikuwa huna masikio."

Mkono wa Usumani ulikuwa bado kwenye gurudumu, damu yake inadondoka juu ya damu ya mwenzake. Aliikumbuka ile ndoo mlangoni mwa seli na askari anayenawa. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda mpaka masikioni, akazungusha gurudumu kinyume. Akamfunga pingu kwenye mashine, akaita askari wawili wa mlangoni wamlinde, akafunga kiganja kwa kitambaa cha kusafishia wino. Saa ilikuwa nane na nusu.

*

Nyirarukundo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kanga mbili na uso wa mtu ambaye hajalala. Alimtazama Usumani, akatazama kitambaa chenye damu, hakuuliza. Aliposikia maneno "ya mchapaji", aliondoa sahani mezani, akafunua nailoni ya maua.

*Mfuko* ilikuwa picha ya stendi ya Nyabugogo siku ya soko. Gahongayire alikuwa amechonga palepale, kibao mapajani, kama alivyozoea. Katikati ya mabasi, mwanamume mwenye koti la mvua, kofia imemficha macho, alikuwa anampa kijana mfuko wa turubai. Usumani aliujua mfuko ule. Vipande vyake aliviokota yeye mwenyewe mwezi wa kumi na moja, pamoja na vipande vya watu kumi na mmoja, baada ya bomu kulipuka kati ya basi la Butare na wauza mikate. Aliyeupeleka hakupatikana. Faili lilifungwa.

Kisha akaona mkono ulioshika mkanda wa mfuko. Ulikuwa na vidole vitatu.

Aliinamia picha, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Cha pete na cha mwisho havikuwapo. Lakini ulikuwa mkono wa kulia. Usumani alijitazama mikono, akainua wa kulia, akaulinganisha na ule wa kwenye karatasi, kidole gumba kwa kidole gumba. Wa kulia kabisa, hakuna ubishi. Bizimana alitia sahihi faili kila siku kwa mkono wa kulia, vidole vitano vyote, Usumani amesimama mbele yake.

"Alhamdulillahi," alisema kwa nafuu. Hakutaka kufanya kazi chini ya shetani. Mji huu ulikuwa na watu wengi waliopotewa na vidole.

"Atarudi leo?" Nyirarukundo aliuliza.

"Leo hii, dada. Kabla ya futari."

"Basi nipike," alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka kidogo.

*

Saa kumi kasoro robo alikuwa mbele ya meza ya kamanda. Alieleza yote kwa mpango: wino mbichi, kibao kilichokatwa, kucha, mikwaruzo, Silvère kwenye pingu. Bizimana alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa amevaa koti, mkono wa kushoto mfukoni.

Usumani akatandaza picha mezani.

Kamanda aliitazama muda mrefu. Mvua ilikuwa imekatika, na uani injini ya gari ilikuwa inanguruma ikisubiri.

"Kazi nzuri," Bizimana alisema hatimaye. "Nakala zingine ziko?"

"Hakuna. Silvère alichoma zote. Hii ndiyo ya mwisho."

"Na wewe umeipata wapi?"

"Kwa mtu."

"Mutu gani?"

"Nimeapa, shefu."

Bizimana alivuta fomu ya kumwachia mfungwa, akafungua kalamu, akaacha ncha juu ya karatasi. "Usumani. Kambi watauliza. Nitawambia nini, picha imeanguka toka mbinguni? Bila shahidi hii ni karatasi. Iko dakika kumi. Unataka nitie sahihi ao unataka kiapo?"

Kiganja kilikuwa kinamwasha moto. Alikuwa hajala wala kunywa tangu alfajiri, na kwenye dirisha aliona dereva wa kambi anafungua mlango wa nyuma wa gari. Aliona nyayo za Jean-Berchmans. Alijiambia kwamba mtu akiokolewa, mwenyewe atamsamehe.

"Mke wake," alisema. "Nyirarukundo. Mlango wa bluu, chini ya kanisa la Muhima."

"Nani mwingine ameona?"

"Yeye na mimi tu."

Bizimana aliandika jina na nyumba kwa mwandiko wake mzuri, kisha akatia sahihi fomu, akaipiga muhuri. "Nenda umutoe wewe mwenyewe. Umeistahili."

Usumani alishuka ngazi mbili mbili. Askari wa seli alisoma fomu, akafungua kufuli. Jean-Berchmans hakuamini mpaka alipowekwa mkono begani na kuinuliwa. Walitembea kwenye korido polepole, mmoja akikanyaga kwa visigino, mwingine akimwegemeza kwa mkono mmoja.

"Nimeiona picha," Usumani alimwambia. "Nitamtafuta mwenye mkono ule wa kulia mpaka nimpate."

Jean-Berchmans alisimama. "Wa kulia?"

"Vidole vitatu, mkono wa kulia."

"Inspekta." Mchapaji alisema taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Mama alichonga kama alivyoona. Karatasi inageuza. Ule ni wa kushoto."

Usumani alihisi kofi la baba yake. Lilitua shavuni baada ya miaka thelathini, zito vilevile. Mchana amemfundisha Silvère somo hilo kwa mdomo wake mwenyewe, na saa moja baadaye amelisahau kwa sababu alitaka kulisahau.

"Picha umemupa nani?" Jean-Berchmans aliuliza.

Usumani alimwacha ameshika ukuta, akapanda ngazi. Ofisi ilikuwa wazi. Kiti kilikuwa tupu, kwenye sahani ya majivu kona ya karatasi nzito ilikuwa inamalizikia kuungua, na ile karatasi yenye jina na nyumba haikuwapo mezani. Chini, uani, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Alifika dirishani akaona gari ya kambi inatoka langoni, kamanda ameketi kando ya dereva, mkono wa kushoto ameutoa nje ya dirisha, vidole vitatu vimeshika sigara. Haikupinda kwenda kambini. Iliteremka kuelekea Muhima.

Akapiga kelele kwa askari wa zamu walete pikipiki, na hakuna aliyetikisika.

Barabarani, Jean-Berchmans alikuwa tayari ametoka langoni. Alikuwa anakimbia kuteremka mlima kwa zile nyayo zake, na kila alipokanyaga aliacha alama nyekundu kwenye lami.